Nukta ya Hina Mgongoni mwa Baba

Juzi alikuja fundi nyumbani kwangu Mowlem kunifungia komeo jipya kwenye mlango wa chuma. Alikuwa kijana wa maneno mengi, na mashine yake ya umeme ilipiga kelele mpaka jirani wa juu akachungulia. Kisha biti, ile ncha ya kutobolea, ikakwama, ikaanza kutoa moshi, naye akazima akanigeukia. "Mathe, huna mafuta kidogo? Hata yale ya kichwa ni sawa." Nikamletea chupa ya mafuta ya nazi ninayopaka nywele. Akadondosha tone pale kwenye tundu, akawasha tena, na harufu ikapanda: nazi iliyoungua kidogo na chuma kilichopata moto. Ikabidi nikae kwenye ngazi. Kijana alidhani ni presha, akaniuliza kama aniitie mtu. Nikamwambia aendelee na kazi yake, mimi nimemkumbuka baba yangu tu.

Rika langu tuliokulia mitaa ya Eastlands tukikaa pamoja hutaja harufu za utotoni kama watu wanaotaja ndugu zao. Huyu atasema sabuni ya kipande, yule atasema mkaa wa asubuhi, mwingine mvua kwenye mabati. Mimi nikitaja ya kwangu hunitazama, kisha wakaendelea na mazungumzo. Siwalaumu. Si kila mtoto aliyelelewa na baba mtoboa vyuma.

Tuliishi Majengo, Pumwani, katika nyumba ya zile za zamani, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na nyuma ua ambao wapangaji wote tuliutumia kwa kufua, kupika na kugombana. Kwenye pembe ya ua huo Baba alikuwa na meza yake ya kazi. Alikuwa akitengeneza sahani za tambi. Kwa asiyejua, mashine ya tambi ni kopo la chuma lenye skrubu kubwa juu. Unashindilia unga wa dengu ndani, unazungusha mpini, skrubu inasukuma unga, nao unatokea chini kupitia sahani yenye matundu na kuangukia kwenye mafuta ya moto. Sahani ndiyo roho ya mashine. Matundu yakiwa yamepinda, tambi moja hutoka nene na nyingine nyembamba. Nene haiivi, nyembamba inaungua, na mama mwenye nyumba anasemwa na wageni mpaka Idi nyingine. Kwa hiyo Ramadhani ikikaribia, wanawake walikuja uani kwetu na mashine zao mikononi, na kila mmoja alitaka yake iwe ya kwanza.

Drili ya Baba ilikuwa ya mkono, yenye gurudumu la meno ubavuni na mpini wa kuzungushia. Juu yake palikuwa na bamba la chuma lililopinda kidogo, na hapo ndipo alipoweka kifua. Chuma hakitoboki kwa kuzungusha peke yake, lazima kikandamizwe. Basi mkono wa kushoto ulishika drili isiyumbe, wa kulia ulizungusha, na uzito wote ulitoka kifuani. Alianza kila tundu kwa bismillahi na tone la mafuta ya nazi. Akikaribia kutokea upande wa pili alifumba macho, akainua kifua kidogo sana, kwa sababu hapo ndipo biti nyembamba hukatika. Umeme ulikuwepo, wa taa moja chumbani, lakini mwenye nyumba hakutaka kusikia habari za mashine uani, na Baba mwenyewe alidai kwamba umeme hauna subira na vitu vyembamba.

Kazi hiyo ilimwachia alama katikati ya kifua, duara la ngozi ngumu na nyeusi kuliko nyingine, mfano wa sijida kwenye paji la mtu anayeswali sana. Aliionea fahari. Akioga uani na kutoka na taulo kiunoni, aliigonga kwa vidole, akawaambia majirani, "Fundi wangu alikuwa nayo, na fundi wake alikuwa nayo. Wenzetu wana vyeti ukutani."

Mama alikuwa hamwachi hivihivi. "Jisifu tu, Baba Zuhura. Siku moja utashindwa hata kupiga chafya."

Sasa mtoto ana hesabu zake, na hesabu zangu zilikuwa hivi. Drili ina ncha mbili. Ncha ya chini ipo kwenye chuma, ncha ya juu ipo kwa Baba. Ikizunguka, inatoboa. Chini inatoa tundu na vile vinyweleo vya chuma vilivyojikunja. Nilipomwangalia Baba kifuani niliona na hapo vinyweleo vimejikunja vilevile, vyeusi, vimezunguka ile alama pande zote. Sikuwa nimewahi kuona kifua cha mwanamume mwingine kwa karibu. Nikahitimisha, bila kumuuliza mtu, kwamba drili ilikuwa inamtoboa Baba polepole, na kwamba alikuwa anakubali kwa sababu ndiyo kazi.

Mwanzoni halikunitisha. Watoto huyakubali mambo mazito kuliko hayo. Nilijua baba wa rafiki yangu alifanya kazi kiwandani karibu na Mukuru kwa Reuben na alirudi kila jioni amejaa unga mweupe mpaka kope, nami nilidhani kiwanda kinamfuta kidogo kidogo. Wangu alikuwa anatobolewa. Kila baba na lake.

Kisha Baba akaanza kukohoa. Kikohozi chenyewe kilikuwa kidogo, ila kila kikija alijikunja, akajishika kifua kwa viganja viwili kana kwamba kuna kitu kitamwagika. Akawa hanyanyui ndoo tena. Siku moja chafya ilimjia mbele ya wageni, akapambana nayo mpaka machozi yakamtoka, na Mama hakucheka wala hakumkumbusha alilosema. Hapo ndipo nilipoogopa. Niliona wazi kwamba drili imekaribia kutokea upande wa pili.

Nilikuwa na mazoea ya kulala kifuani pake baada ya magharibi, akiwa ameegemea ukuta kwenye mkeka. Nikaacha. Nilihofia kichwa changu kitaongeza uzito pale pasipohitaji uzito. Badala yake nikawa mtu wa kumzunguka kwa nyuma. Kila alipovua shati nilimkagua mgongo, nikapapasa kati ya mabega yake. Baba alifikiri namkuna, akanionyesha na pengine pa kukuna.

Shida ilikuwa kwamba sikujua nitazame wapi hasa. Lakini nilikuwa nimekaa na fundi vya kutosha. Baba hakutoboa kabla ya kuweka alama. Aligonga nukta kwenye chuma kwa msumari mgumu, ili biti isiteleze na ili ajue kila tundu litatokea wapi. Nami nikaona Baba anahitaji nukta.

Wiki hiyo shangazi alikuwa amepakwa hina kwa ajili ya harusi, na kibakuli cha masalio kilikuwa bado kwenye kidirisha cha jikoni. Baada ya adhuhuri Baba alilala ubavu akiuelekea ukuta, bila shati kwa sababu ya joto. Nikapima kwa macho, mbele na nyuma, nikachovya njiti ya kiberiti, nikamwekea nukta nzuri ya mviringo katikati ya mgongo. Alijikuna usingizini mara moja tu, pembeni. Alipoamka ilikuwa imekauka na kubanduka, na chini yake imebaki rangi ya kutu. Niliridhika sana. Kama tundu lingetokea, lingetokea hapo, na mimi ningekuwa wa kwanza kujua.

Aliyeigundua nukta kwanza akawa daktari. Mama alichoka kubembeleza, akamvalisha Baba shati la Ijumaa, akampeleka kliniki, na mimi nikavutwa mkono kwa kuwa hapakuwa na wa kuniachia. Daktari alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti ya taratibu. Alimgonga Baba kifuani, Baba akauma meno. Akamgeuza amsikilize mapafu kwa nyuma, akasimama.

"Mzee, hii ni nini iko hapa mgongo?"

"Nini?"

"Iko kitu hapa. Kama doa. Imetoka lini?"

Mama akasogea. Akatazama, akapitisha kidole, akanusa kidole. Nilimwona uso unabadilika. "Hii ni hina," akasema.

"Hina?" Baba akauliza. "Hina ya nani?"

"Hilo ndilo nami nauliza. Hina ya nani, Baba Zuhura?"

Leo, nikiwa mke wa mtu, naelewa vizuri kilichokuwa kikipita kichwani mwa Mama katika chumba kile. Mwanamume hajipaki hina mgongoni, hata mkono haufiki. Baba alikuwa anageuza shingo huku na huku akijaribu kuuona mgongo wake mwenyewe, akiapa, na kadiri alivyoapa ndivyo Mama alivyozidi kukitazama kidole chake. Daktari naye akaanza kutazama dirishani.

"Ni mimi," nikasema.

Wote watatu wakanigeukia. Nikaeleza kila kitu: ncha mbili za drili, vinyweleo, kikohozi, na kwamba nimeweka alama ili nijue litakapotokea. Nilitaka kueleza kama mtu mzima, lakini nilipofika mahali pa kusema "halafu atakufa" nikaishia kuonyesha mgongo wa Baba kwa kidole.

Mama alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakamtetemeka, nami sikujua kama analia au anacheka. Nafikiri hata yeye hakujua. Daktari akaja akachuchumaa mbele yangu. "Hakuna tundu, mama. Nimeangalia. Hata hizo nywele, mimi pia niko nazo." Kisha akasimama akamwambia Baba, na sauti ilikuwa nyingine, "Lakini mtoto hajakosea sana, mzee. Hapa mbavu inashikana na mfupa wa kifua pameumia, na umeendelea kupakandamiza miaka. Hiyo kazi ya kukandamiza na kifua, wacha."

"Niache mpaka lini?"

"Mpaka upone. Na ukipona usirudie."

"Daktari, Ramadhani ndiyo hii inabisha hodi."

"Basi fungua mlango na mkono," daktari akasema, "si na kifua."

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Baba alitangulia mbele, na najua watu wazima waliofikiri alikuwa anawaza riziki hawakukosea. Alikuwa hana ufundi mwingine. Lakini asubuhi yake nilimwona akiishusha drili ukutani kama kawaida. Akaweka sahani mezani, akadondosha mafuta, akasema bismillahi, akaegemeza kifua. Mimi nilikuwa kwenye kizingiti na kikombe changu cha chai. Akanitazama. Nilikuwa nimekikazia macho kifua chake. Akauachia mpini, akainuka, akaitundika drili mahali pake. "Siwezi," akamwambia Mama. "Siwezi kuegemea huku ananiangalia hivi."

Ndipo akaitwa Baba Nafula. Huyu alikuwa jirani yetu, mtu wa kwao Magharibi, Mkatoliki asiyekosa misa, na fundi wa baiskeli asiyetupa chochote. Yeye na Baba walikuwa wakibishana kuhusu kila kitu, tangu chai hadi siasa, na hawakuweza kukaa siku bila kuonana. Aliposikia kisa aliinua drili, akaipima mkononi. "Fundi, wewe unatafuta kifua kingine. Basi."

"Kifua hakiuzwi."

"Uzito ni uzito. Jiwe halikohoi."

Alileta fremu ya baiskeli iliyokufa, akakata lile bomba ambalo kiti hushuka na kupanda ndani yake, wakalisimamisha wima na kulifunga kwenye nguzo ya ua. Ndani yake wakapitisha nguzo ya kiti, na kwenye ncha yake ya chini wakaifunga drili. Sasa ilishuka na kupanda wima bila kuyumba, tena wima kuliko Baba alivyowahi kuishika. Hilo peke yake lilimfurahisha mpaka akasahau kukohoa. Juu wakafunga jiwe. Baba akazungusha, vinyweleo vikatoka vizuri, Baba Nafula akaanza kuimba. Kisha pakasikika mlio mdogo, wimbo ukakoma. Biti ilikuwa imekatika.

Wakaweka nyingine, na jiwe dogo. Ikakatika hiyo pia, na palepale, wakati wa kutokea. Baba akalifungua jiwe akaliweka chini. "Nilikwambia. Kifua kinajua lini chuma kimekwisha, kinaachia. Jiwe halijui kitu. Likipata nafasi linaanguka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kazi imeisha." Aliyasema kwa upole, na upole huo ulinitisha kuliko kikohozi. Jioni ile nilimsikia akimuuliza Mama kama mjomba wangu aliyekuwa kibarua kiwandani bado anaweza kumtafutia nafasi. Mama aliendelea kukanda unga.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husemwa, lakini Mama alikuwa ameubeba huo na kuuhisi uzito wake. Kesho yake alikuwa uani akijaribu mashine yake ya tambi, maana kila mwaka huijaribu kabla ya mwezi mtukufu. Karai likiwa motoni, yeye anazungusha mpini, tambi zinashuka. Baba na Baba Nafula walikuwa wamekaa mbele ya mtambo wao uliowashinda, wakilaumiana kwa adabu. Mama akaacha kuzungusha. Tambi zikasimama zikining'inia. Akazungusha tena, zikashuka. Akaacha, zikasimama.

"Nyinyi," akasema, "mbona mimi sidondoki na mashine yangu kwenye karai?"

Wakamtazama.

"Nasukuma unga mgumu kama huo, na ukiisha ghafla sianguki. Kwa nini?"

Baba akainuka, akaja akasimama mbele ya karai, akaitazama ile skrubu aliyoitengenezea sahani miaka yote. Skrubu haianguki. Inashuka pale tu unapoizungusha, na kwa kiasi unachoizungusha. Ukiacha, inakaa. "Mama Zuhura," akasema polepole, "nizungushie tena." Mama akazungusha. "Acha." Akaacha. "Subhanallah," Baba akasema, akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, akaanza kujicheka, huku amejishika kifua kwa maumivu.

Skrubu ya mashine mbovu ya zamani ikafungwa juu ya bomba la baiskeli mahali pa jiwe. Mkono wa kulia ulizungusha drili, wa kushoto ulizungusha skrubu kidogo kidogo, na kifua hakikuwa na kazi yoyote zaidi ya kupumua. Chini ya sahani Baba aliongeza kipande cha mbao ngumu, ili biti ikitokea ikutane na kitu na si hewa. Tundu la kwanza lilipotokea, Baba aliinua sahani akaielekeza kwenye jua, akachungulia, akampa Baba Nafula achungulie, kisha akanipa mimi. Niliona anga, kipande kidogo cha mviringo, kimenyooka.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na msimu ule uani kwetu vidole vilikuwa vingi. Mafundi wengine walipita kuangalia. Vijana wa mtaani wakasema, "Fundi, hii ni noma," Baba akajifanya haelewi huku anatabasamu. Wachache walimcheka kwamba amekuwa fundi wa kusimama kando kama mtu wa ofisini. Hilo lilimuuma, sitasema halikumuuma. Nilimwona akijipapasa alama yake alipodhani hakuna anayemwona, na alama ilikuwa inalainika, inarudi rangi ya ngozi nyingine. Lakini sahani zilitoka bora kuliko miaka yote, na wanawake, ambao ndio waliojua, walisema hivyo waziwazi.

Jioni ya kutazama mwezi kazi yote ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Wapangaji walikuwa uani, nyuso juu, kila mtu akidai ameuona na mwenzake akimwambia hilo ni wingu. Baba alikuwa kwenye mkeka, ameegemea ukuta, amevaa kanzu safi. Mimi niliketi karibu na miguu yake.

"Zuhura, njoo hapa. Mbona siku hizi unanikalia mbali kama mgeni?"

"Nitakuumiza."

Hakubishana nami. Alininyanyua kwapani, yeye aliyekuwa hanyanyui ndoo, akanikalisha, akachukua kichwa changu kwa kiganja na kukiweka katikati ya kifua chake. Nilikaza shingo. Nilikibeba kichwa changu mwenyewe, nikagusa kanzu kwa shavu tu, nisimpe hata kidogo. Yeye, aliyejua uzito kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, alihisi mara moja.

"Hujaegemea," akasema.

"Nimeegemea."

"Hujaegemea, mama. Weka uzito wote."

Katikati ya ua watu walipaza sauti kwamba mwezi umeonekana. Sisi hatukugeuka. Nililegeza shingo kidogo, nikasubiri akohoe, hakukohoa. Nikalegeza tena. Kisha nikaweka wote.